Fiziotherapia kwa mgonjwa wa kisukari mwenye miguu inayouma, ni kitu gani hasa

Kaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari mkoa wowote huku nyanda za juu kusini, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, utawasikia wazee wanaulizana mambo yale yale. Miguu inawaka moto usiku, vigimbi vinabana mpaka mtu anaamka anapiga kelele, nyayo zina ganzi, ukikanyaga chini unahisi umekanyaga pamba. Afu daktari anaandika karatasi ya kwenda fiziotherapia, na hapo ndo shida inaanza, mana wengi wanajua wanaenda kuchuliwa. Mtu anafika, anaambiwa ashike meza na ainuke kwa vidole mara kumi, anarudi nyumbani amekasirika anasema hawajanitibu.

Wamemtibu. Kwa mtu ambaye kisukari kimeshaharibu mishipa yake ya fahamu, fiziotherapia maana yake ni mtaalamu kuchunguza maumivu yanatoka wapi hasa, afu kuirudishia misuli nguvu na ulaini kwa mazoezi yaliyopangwa kwa huo mguu wake, na wakati huo huo kumfundisha kuutunza mguu ambao hausikii vizuri. Kuchua kunaweza kuwemo kidogo lakini sio ndo tiba yenyewe.

Sasa kwa nini misuli iume wakati kilichoharibika ni neva, yani hiyo mishipa ya fahamu? Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu vimishipa vidogo vya damu vinavyolisha neva, na neva zenyewe pia zinaumia moja kwa moja. Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazotoka mgongoni kushuka hadi vidole vya miguu, kwaiyo ndo zinazoanza kuchoka. Ni kama maji ya mserereko kijijini, presha ikipungua nyumba ya mwisho kwenye bomba ndo inakosa kwanza. Ndo mana dalili zinaanza vidoleni, miguu yote miwili, zinapanda taratibu hadi pale soksi inapoishia, na zikifika usawa wa magoti mara nyingi mikono nayo inaanza.

Neva za kuhisi zikiharibika zinafanya mambo mawili yanayopingana kwenye mguu mmoja: zinapeleka maumivu ambayo hayana chanzo, ule moto na ile sindano sindano ya usiku, na hapo hapo zinashindwa kupeleka maumivu ya kweli mtu akikanyaga msumari. Neva za kuendesha misuli nazo zikidhoofika, misuli midogo ya ndani ya unyayo inasinyaa, vidole vinaanza kujikunja, na mwili unahamisha kazi kwenye misuli mingine ambayo haikuzoea mzigo huo. Halafu sukari hiyo hiyo inakaza kano, hasa ile kano nene ya nyuma ya kisigino, kifundo kinakuwa kigumu na kigimbi kinavutwa siku nzima. Kwaiyo mtu mmoja anaweza kuwa na maumivu ya neva, maumivu ya msuli uliochoka na ya msuli uliokaza, yote anayaita misuli inaniuma, na yeye hajakosea, ndivyo anavyoyasikia.

Hapo ndo unaona kwa nini siku ya kwanza ni maswali mengi kuliko mazoezi.

"Shikamoo mama. Maumivu yanazidi saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Usiku nikilala, mchana nikiwa sokoni nasahau."

"Na ukipanda kilima?"

"Nikipanda kigimbi kinabana, nikisimama kidogo kinaachia, naendelea."

Hilo jibu la mwisho ni zito sana. Maumivu yanayokuja ukitembea na kuisha ukisimama dakika chache mara nyingi ni mishipa ya damu imeziba, sio neva, na wenye kisukari wanaipata kuliko wengine. Huyo mama anatakiwa mtaalamu aguse mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, ikibidi arudishwe kwa daktari, ndo mazoezi yapangwe. Maumivu ya neva yenyewe kawaida yanazidi ukitulia, hasa ukishajifunika blanketi.

Vipimo vyenyewe ni vyepesi. Kuna uzi wa nailoni unaokunjika kwa nguvu ya gramu 10, anakugusa nao sehemu mbalimbali za unyayo umefumba macho, usipousikia maana yake ile hisia inayoukinga mguu imepotea. Kuna kile chuma chenye uma kinachotetemeka kinawekwa kwenye mfupa wa kidole gumba. Anaangalia kifundo kinapanda kiasi gani, unasimama mguu mmoja sekunde ngapi, unatembeaje, na anageuza viatu vyako aone vimelika upande gani.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la joto, mana huku kwetu linaumiza watu. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai baridi ya huku mnaijua. Mtu miguu ina ganzi, anahisi ya baridi hata kama sio ya baridi, anaisogeza kwenye jiko la mkaa, au wajukuu wanamletea beseni la maji ya moto na chumvi wamkande, au analala na chupa ya maji moto miguuni. Mguu hauna taarifa. Ngozi inaungua na yeye anahisi raha tu, asubuhi anakuta lengelenge, wiki kadhaa baadae ni kidonda, na kidonda cha mguu wa kisukari ndo njia kubwa ya kuelekea kukatwa mguu. Kwaiyo fiziotherapisti akikukatalia kukandwa na maji ya moto sio ukali. Vaa soksi za sufu zisizobana, maji ya kuogea yapimwe na kiwiko au na mtu mwingine ambaye hana ganzi, na moto uote ukiwa mbali, miguu ukiwa umeiweka nyuma. Zile dawa za kuchua zinazowasha usipake kwenye ngozi yenye ganzi, na kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kinauma, usikiruhusu kichuliwe kabisa, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mazoezi sasa. Cha kunyoosha kigimbi: unasimama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kisiinuke, goti la nyuma limenyooka, unaegemea mbele mpaka usikie kinavuta na unakaa hapo sekunde 30, unarudia mara mbili tatu kila mguu. Ukifanya hivo kabla ya kulala kuna watu inawapunguzia ile kubana ya usiku. Cha nguvu: kuinuka kwa vidole umeshika meza, kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kuvuta unyayo juu kuja kwako ukiwa umekaa. Cha balansi: kusimama mguu mmoja karibu na meza, au kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine pembeni ya ukuta. Hichi cha balansi watu wanakidharau lakini kwangu ndo muhimu kuliko vyote kwa mzee wa huku, njia zetu ni miteremko, mvua ikinyesha ni utelezi, na mtu asiyesikia nyayo zake akishuka kilima gizani anaanguka.

Kutembea je? Zamani wenye ganzi walikuwa wanaambiwa wapumzishe miguu, wasitembee sana wasije wakapata vidonda. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2008 uliwafuatilia watu 79 wenye tatizo hili kwa mwaka mzima, nusu yao wakiongezewa kutembea na mazoezi ya kusimama, na vidonda havikuongezeka kwao ukilinganisha na wenzao. Mwingine wa 2012, mdogo kabisa, watu 17 wakafanya mazoezi wiki 10, maumivu yakapungua na neva ndogo za kwenye ngozi zikaonekana zimeanza kutoa matawi. Watu 17 ni wachache, siwezi kukuahidi neva zako zitaota upya, lakini inatosha kumwamsha mtu kwenye kiti. Kiwango kinachoshauriwa kwa wenye kisukari ni dakika 150 kwa wiki, kwa mfano nusu saa siku tano, na usiruke zaidi ya siku mbili mfululizo. Anza na dakika tano kama ndo unazoweza. Raba iliyofunga na soksi, sio kandambili wala yeboyebo, afu ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole, huoni mwambie mjukuu akuangalie.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi pima sukari kwanza, ikisoma chini ya 5 (mmol/L) kula kitu ndo uanze, na tembea na sukari au juisi mfukoni. Ikiwa juu sana, 14 kwenda juu na unajisikia vibaya, siku hiyo acha. Ukiwa na kidonda unyayoni, usitembee kwa mazoezi, fanya ya kukaa. Na unyayo ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, usiukanyagie, mifupa inaweza kuwa inavunjika humo ndani.

Dawa kama amitriptilini au gabapentini zinatuliza moto wa neva na zinaenda vizuri na mazoezi, hiyo ni ya daktari. Ila muulize kuhusu vitamini B12 kama umetumia vidonge vya kisukari vya metformini miaka mingi, inaweza kushuka, na ikishuka inaleta ganzi inayofanana kabisa na hii. Ile mashine ya umeme mdogo wanayobandika miguuni inapunguzia baadhi ya watu maumivu kwa muda, haitengenezi neva, na mwenye betri ya moyo asiwekewe bila daktari kuruhusu.

Mabadiliko usiyatarajie wiki ya kwanza, nguvu na balansi zinaanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane ukifanya nyumbani na sio siku za kliniki tu. Siku ya kwanza nenda na viatu unavyovaa kila siku hata kama vimechakaa, daftari la sukari, dawa zote unazotumia pamoja na za miti shamba, na nguo inayopanda juu ya goti, akina mama vaeni kaptula ndani ya kitenge ili vigimbi na magoti yaonekane.