Soketi Iliungua, Breka Haikukata

Mama mmoja alifika karakana ya chuo chetu na soketi ameifunga kwenye ncha ya kanga. Tundu la kulia, upande wa laivu (waya unaoleta umeme), lilikuwa limeyeyuka na plastiki yake imegeuka rangi kama ukoko wa wali. "Mwanangu," akaniambia, "soketi hii imewasha televisheni miaka minane, haijapata hata joto. Nimenunua birika la umeme, mwezi haujaisha imeungua, na breka haikukata. Fundi anasema birika ni bovu."

Tulilipima birika. Lilikuwa zima. Kilichounguza soketi kinaonekana kwa hesabu za kuzidisha na kugawanya tu, na huniuma kuona watu wanatupa vyombo vizima huku hatari yenyewe imebaki ukutani.

Chini ya birika kuna kibandiko: 230 V, 2300 W. Wati ni volti mara amperi, kwa hiyo ukigawanya 2300 kwa 230 unapata mkondo wa amperi 10. Ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo kupita, hupimwa kwa omu, nao ni volti gawanya kwa amperi: 230 kwa 10, yaani omu 23. Huo ndio ukinzani wa koili ya birika inapofanya kazi. Televisheni ya mama ina wati 92. Kwa hesabu ileile, inavuta amperi 0.4 tu.

Sasa twende nyuma ya soketi. Kabla umeme haujafika kwenye koili, unapita kwenye waya, skrubu, vyuma vya ndani ya soketi na miguu ya plagi. Vyote viko kwenye mstari mmoja na mkondo unaovipita ni uleule. Skrubu ikikazwa sawasawa, ukinzani wa jointi hiyo ni mdogo mno. Ikilegea, au shaba ikishika kutu, unaweza kupanda hadi nusu omu. Nusu omu mbele ya omu 23 inaonekana si kitu.

Lakini joto linalozaliwa hapo halifuati omu peke yake. Mwingereza James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe: amperi mara amperi, mara omu. Televisheni ikiwaka, jointi ile inatoa 0.4 × 0.4 × 0.5, yaani wati 0.08. Hakuna mkono utakaolihisi joto hilo. Chomeka birika: omu zote zinakuwa 23.5, mkondo unakuwa amperi 9.8, na jointi inatoa 9.8 × 9.8 × 0.5, takriban wati 48. Mkondo umeongezeka kama mara 25, joto limeongezeka mara 600. Kile chuma anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi huwa na wati 30 hadi 60. Mama alikuwa na chuma kama hicho ndani ya ukuta, mahali padogo kama ncha ya kidole, kila alipochemsha maji. Na shaba ikipata joto inazidi kushika kutu, omu zinapanda, joto linaongezeka tena.

Breka nayo inapima amperi tu. Ya soketi kwa kawaida huwa ya amperi 20 au 32. Angalia tena hesabu: jointi mbovu imeupunguza mkondo kutoka 10 hadi 9.8. Breka haikuwa na sababu yoyote ya kukata. Kazi yake ni kuzuia mzigo uliozidi na shoti. Skrubu iliyolegea haiioni.

Nasisitiza jambo hili sasa kwa sababu Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Majiko na sufuria za umeme zitaingia kwenye nyumba ambazo nyaya zake zilitandazwa kwa ajili ya taa, redio na pasi ya mara mojamoja.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuzima swichi na kushika plagi mara tu chombo kikubwa kinapomaliza kazi. Ikiwa ya moto, acha kuitumia soketi hiyo uite fundi. Uvuguvugu kidogo ni wa kawaida.

Fundi asitegemee kipimo cha omu cha multimeta kwa kazi hii, kwani nyaya za kipimo chenyewe zinaweza kuwa na omu 0.2 au 0.3. Kama soketi ni ya plagi mbili, apime volti kwenye nafasi ya plagi ya pili, kwanza birika likiwa limezimwa, kisha likichemsha. Zikishuka kutoka 230 hadi 224, volti 6 zimepotea njiani. Gawanya kwa amperi 9.8 unapata omu 0.6. Waya mzima wa shaba wa milimita za mraba 2.5, soketi ikiwa mita 10 kutoka kwenye breka, una takriban omu 0.15 kwenda na kurudi, sawa na volti 1.5. Zilizobaki zina mahali zinapopotelea. Apime pia kwenye meini swichi birika likiwa linachemsha: volti zikishuka vilevile hapo, tatizo linatoka kwenye laini ya nje, zisiposhuka, liko ndani ya nyumba.

Tulikwenda kwa mama. Ndani ya boksi tulikuta nyaya mbili chini ya skrubu moja, mmoja ukichezacheza kwa kidole. Tulikata shaba iliyoungua hadi tukafika inayong'aa, tukafunga soketi mpya na kukaza. Birika likachemka, volti zikashuka mbili tu. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika plagi.

"Ya baridi," akasema.