Taifa linalojiona la pekee: soma mikataba yake kabla ya hotuba zake

Kila taifa hujisifu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kinachonitia wasiwasi ni pale sifa inapozaa msamaha. Ndani ya dai la upekee mara nyingi hujificha madai matatu: sisi ni tofauti, sisi ni bora, sheria ya wengine haitufungi. La kwanza hupimika kwa historia. La tatu halitokani nalo hata kidogo, lakini hotuba nzuri hukuvusha kutoka hapa hadi kule bila kushtuka.

Chukua Marekani, ambako imani hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1630 John Winthrop, kiongozi wa walowezi Waingereza waliokwenda Marekani, aliwaambia wenzake wa Kipuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, kwamba watakuwa kama mji ulio juu ya kilima, macho ya watu wote yakiwatazama. Alikuwa akiwaonya: wakimkosea Mungu, wataaibika mbele ya dunia. Karne tatu baadaye wanasiasa, Rais Ronald Reagan miongoni mwao, waliyafanya maneno hayo kuwa sifa, na onyo likasahaulika.

Hotuba ziache. Fungua mkusanyiko wa mikataba wa Umoja wa Mataifa mtandaoni, nenda sura ya IV, haki za binadamu, kisha namba 11: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Jedwali lina safu ya tarehe ya kutia saini na safu ya tarehe ya kuridhia, yaani kukubali kufungwa na mkataba. Marekani ilitia saini Februari 1995. Safu ya pili iko tupu. Ndiyo nchi pekee mwanachama wa Umoja wa Mataifa ambayo haijauridhia. Wengi huteleza hapa kwa kudhani saini imemaliza kazi. Kwa Katiba yao, mkataba unahitaji theluthi mbili ya maseneta waliopo. Desemba 2012 mkataba wa haki za watu wenye ulemavu ulipata kura 61 dhidi ya 38, zikihitajika 66, ukakwama, ingawa ulichota mengi kutoka sheria ya Marekani yenyewe ya 1990.

Hata safu ya pili ikiwa na tarehe, usifunge ukurasa. Shuka chini ya jedwali, kwenye masharti ambayo kila nchi imejiwekea. Namba 4, Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliridhiwa na Marekani mwaka 1992. Kifungu cha 6(5) kinakataza kumhukumu kifo mtu aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Marekani ikaandika kwamba inabaki na haki ya kumhukumu kifo mtu yeyote, isipokuwa mjamzito, wakiwemo wa chini ya miaka 18. Kisha ikatamka kwamba vifungu vya msingi havitatumika moja kwa moja katika mahakama zake. Adhabu hiyo kwa watoto iliondolewa mwaka 2005 na Mahakama yake Kuu, kwa kuitafsiri Katiba yao wenyewe.

Kutojifunga ni jambo moja. Kuwabana waliojifunga ni jingine, na hili ndilo zito zaidi kwangu. Mwaka 2002, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipoanza, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomruhusu rais kutumia njia zote zinazohitajika kumkomboa Mmarekani anayeshikiliwa na mahakama hiyo. Nchi wanachama wa mahakama hiyo zikatakiwa kusaini makubaliano ya kutowakabidhi Wamarekani huko, la sivyo zinyimwe misaada ya kijeshi. Uganda ilisaini mwaka 2003. Kenya ilikataa, ikapoteza misaada.

Kipimo hikihiki kitumike nyumbani. Tunaiita Tanzania kisiwa cha amani, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi huko moja kwa moja. Novemba 2019 ikaliondoa, kama Rwanda ilivyofanya 2016. Kesi zilizokwisha kufunguliwa ziliendelea, lakini tangu uamuzi huo ulipoanza kutumika, mwaka mmoja baadaye, mkazi wa Arusha anaipita mahakama hiyo na hawezi kuishtaki nchi yake humo yeye mwenyewe.