Bendera ya Iwo Jima haikuigizwa: makosa tunayoyarudia kuhusu picha za vita vya Asia na Pasifiki

Kila ile picha ya wanajeshi wa Marekani wakisimika bendera mlimani inaporudi mitandaoni, hakosi mtu wa kuandika chini yake: "Hiyo iliigizwa." Nimewasikia hata watu waliosoma historia wakisema hivyo, na inaniuma, maana ushahidi uko wazi.

Mpigapicha Joe Rosenthal aliipiga tarehe 23 Februari 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, juu ya Mlima Suribachi, kwenye kisiwa cha Japani cha Iwo Jima. Ni kweli kwamba bendera ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza, iliyokuwa ndogo, ilisimikwa mapema siku hiyohiyo na kupigwa picha na mpigapicha mwingine, Louis Lowery, kisha ikaletwa kubwa zaidi ili ionekane kutoka mbali. Pembeni ya Rosenthal alisimama mwanajeshi Bill Genaust akichukua filamu ya rangi. Filamu hiyo ipo hadi leo: tukio zima linapita kwa sekunde chache, na hakuna aliyepangwa mahali pa kusimama. Uvumi ulianza hivi. Baada ya bendera kusimama, Rosenthal aliwakusanya wanajeshi chini yake akawapiga picha ya pamoja wakishangilia. Siku chache baadaye, akiwa kisiwani Guam, akaulizwa kama picha ilipangwa. Alikuwa bado hajaiona ile iliyovuma. Akadhani anaulizwa kuhusu ya kushangilia, akajibu ndiyo. Jibu hilo lilimwandama mpaka kufa.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni kuiita picha ya ushindi. Ile ilikuwa siku ya tano tu ya mapigano, na mapigano yaliendelea hadi 26 Machi. Watatu kati ya wale sita wanaoshika mlingoti walikufa kisiwani humohumo. Genaust naye alikufa huko. Hata majina ya sita hao yalikosewa: yalisahihishwa mwaka 1947, tena 2016, tena 2019. Kwa hiyo picha yenyewe ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Uongo uliingia kupitia maandishi yaliyowekwa chini yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa lile wingu refu lenye umbo la uyoga ambalo watu huliita la Hiroshima. Picha ile inayozunguka zaidi ni ya Nagasaki, 9 Agosti 1945, iliyopigwa na Charles Levy kutoka kwenye ndege. Kwa kuizoea, wengi huamini kwamba siku ya Hiroshima hakuna aliyepiga picha chini, katikati ya watu. Yupo. Yoshito Matsushige, mpigapicha wa gazeti la mji huo, alifika kwenye Daraja la Miyuki saa chache baada ya bomu la atomiki kulipuka. Aliwakuta watu waliobabuka ngozi, wengi wao wanafunzi. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyosita kwa muda mrefu kabla ya kubonyeza kamera. Siku nzima alipata picha tano tu. Jeshi la Marekani lililoikalia Japani lilibana habari za bomu kuanzia Septemba 1945, na wasomaji wengi wa Japani waliziona picha za majeruhi kwa mara ya kwanza mnamo Agosti 1952, baada ya ukaliaji kwisha.

Wamarekani nao walifichwa maiti zao. Picha ya mpigapicha George Strock ya wanajeshi watatu waliokufa ufukweni Buna, New Guinea, ilisubiri miezi kadhaa hadi jarida la Life liliporuhusiwa kuichapisha, Septemba 1943. Na ile ya Jenerali MacArthur wa Marekani akitembea majini kurudi Ufilipino? Ile ya mpigapicha Carl Mydans inayobandikwa jina la kisiwa cha Leyte ilipigwa Ghuba ya Lingayen, kisiwani Luzon, Januari 1945. Ya Leyte ni ya Oktoba 1944.

Dhana ya mwisho inatuhusu sisi: kwamba vita ile ilikuwa ya Wazungu, Wamarekani na Wajapani. Jumba la makumbusho ya vita la Imperial jijini London lina picha ya askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wakielekea mji wa Kalewa, nchini Burma (Myanmar ya leo), mwishoni mwa 1944. Walikuwa vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Keya kama wazee walivyowaita, kutokana na K.A.R., yaani King's African Rifles, waliopita Bonde la Kabaw katika mvua za monsuni, kwenye matope na malaria. Wengine hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi, na zaidi ya watu 1,200 walizama, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Maandishi ya picha ile ya Kalewa yanataja divisheni, mto na mwelekeo. Hakuna hata askari mmoja aliyetajwa kwa jina. Kama nyumbani kwenu ipo picha ya babu akiwa na sare, igeuze uone kilichoandikwa nyuma. Kama hakuna kitu, mwulize bibi angali hai, kisha andika jina hapo kwa penseli.