Kusoma kwa kina: maana yake, na linalomtokea Mkristo anayesoma hivyo

Kusoma kwa kina ni kukaa na maandishi mpaka yaanze kukuuliza maswali. Macho yanapita kwenye mistari kama kawaida, lakini akili inarudi nyuma, inalinganisha sentensi hii na ile ya juu, inakumbuka jambo la nyumbani, inabisha, kisha inasoma tena. Kusoma juu juu nako kuna mahali pake. Nauli mpya, tangazo la kikao cha wazazi, ujumbe wa kikundi cha kicheni pati: hayo unayasoma mara moja na kuyasahau, na hujapoteza kitu. Shida ipo pale Biblia inaposomwa kwa mwendo ule ule wa ujumbe wa kicheni pati.

Mhakiki wa Kimarekani Sven Birkerts ndiye anayetajwa kuipa dhana hii jina mwaka 1994, akihofu kwamba skrini zitawanyang'anya watu utulivu wa kukaa na kitabu. Hofu hiyo ilikuja kabla hatujajua bando wala status. Jambo la msingi ni kwamba mtu hazaliwi akijua kusoma kama anavyozaliwa akisikia. Maandishi yana miaka 5,000 na ushee tu duniani, kwa hiyo kila mtoto huanza upya kuuzoeza ubongo wake kazi hiyo. Na ubongo hushika kile unachozoezwa. Anayeshinda akirukaruka kutoka posti moja hadi nyingine atarukaruka hata akifungua Isaya, si kwa kukosa imani bali kwa mazoea.

Wengi wetu tuna mazoea mengine ya zamani zaidi, tuliyoyatoa shuleni. Riwaya za sekondari tulizisoma ili tujibu swali la mtihani: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, basi. Kitabu kilikamuliwa pointi kikatupwa. Tabia hiyo imehamia kanisani. Kuna wahubiri wanaofungua Maandiko Jumamosi usiku kutafuta pointi tatu za kesho, na wakizipata wanafunga. Hilo ni kusoma kwa ajili ya watu wengine, na mtu anaweza kulifanya miaka mingi bila neno hata moja kumgusa yeye mwenyewe.

Chukua Waraka kwa Filemoni tuone tofauti. Ni aya 25 tu, unaumaliza kabla chai haijapoa. Ukiusoma juu juu unatoka na hadithi uliyoizoea: mtumwa Onesimo aliiba, akatoroka, akaokoka, Paulo akamrudisha kwa bwana wake. Sasa rudi usome polepole. Waraka hausemi popote kwamba Onesimo aliiba. Paulo anasema *kama* amekudhulumu au anadaiwa kitu, hilo deni liandikwe juu yake yeye Paulo. Hata kuondoka kwake hakuitwi kutoroka. Paulo anasema labda alitengwa na Filemoni kwa muda. Mengi tuliyokuwa na uhakika nayo tuliyapata kwenye mahubiri, hatukuyapata kwenye waraka.

Soma tena, safari hii uangalie moyo. Katika aya ya 7 Filemoni anasifiwa kwamba mioyo ya watakatifu imeburudishwa naye. Aya ya 12, Paulo anamwita Onesimo moyo wake hasa. Aya ya 20 anaomba: uniburudishe moyo wangu. Ukiziweka hizo tatu pamoja unaona mtego wa upendo aliotegewa Filemoni. Amesifiwa kwa kuburudisha mioyo, mlangoni pake umesimama moyo wa Paulo, na Paulo anaomba moyo wake uburudishwe. Atasemaje hapana?

Angalia pia waraka umeelekezwa kwa nani. Wametajwa Filemoni, Afia, Arkipo, na kanisa lililo katika nyumba yake. Kwa hiyo jambo la mtu na mtumwa wake limewekwa mbele ya jamaa wote wanaosali sebuleni mwake. Halafu mwishoni, kama kwa bahati tu, Paulo anaomba atayarishiwe mahali pa kukaa. Maana yake atakuja, na atakuja kuona. Mimi naiona hiyo kuwa aya yenye nguvu kuliko zote katika waraka, na ni rahisi sana kuiruka kwa kuwa inafanana na salamu.

Hapo ndipo maswali yanapogeuka na kumwelekea msomaji. Paulo anataka Onesimo apokewe zaidi ya mtumwa, kama ndugu mpendwa. Kwenye nyumba zetu huyo ni nani? Kwa wengi ni dada wa kazi, aliyeondoka kwa ugomvi wa sukari au simu iliyopotea, na mshahara wa mwezi ule hakulipwa. Msomaji wa juu juu hafiki hapa, kwa sababu kufika hapa kunataka dakika chache za kukaa kimya na jambo lisilopendeza. Ukuaji wa kiroho tunaousema mara nyingi huanzia kwenye dakika hizo. Ujuzi wa Maandiko peke yake hauwezi kazi hiyo, na Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga.

Kanisa limekuwa na desturi ya kusoma hivi kwa muda mrefu. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto wa Nursia aliwaandikia watawa wake Kanuni, na sura ya 48 inapanga saa za kazi za mikono na saa za kusoma. Mwanzoni mwa Kwaresima kila mtawa alipewa kitabu kimoja, akisome chote kwa mfuatano. Benedikto aliwajua binadamu: aliagiza mzee mmoja au wawili wazunguke saa za kusoma, wakiangalia kama kuna ndugu aliyeacha kitabu akapiga soga. Simu hazikuwapo, na bado msimamizi alihitajika! Wabenedikto, watawa wanaofuata Kanuni hiyo, ndio walioanzisha misheni za Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 kusini mwa Tanzania, na mitambo yao ya uchapaji imetoa vitabu vingi vya dini kwa Kiswahili.

Katika karne ya 12 mtawa Guigo II, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa, aliipanga desturi hiyo kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli, yaani kutulia tu mbele za Mungu. Alisema kusoma hutia chakula kinywani, kutafakari hukitafuna, sala huipata ladha yake, na taamuli ndio utamu wenyewe. Mfano aliofanyia kazi ni “Heri wenye moyo safi”. Alisimama kwenye neno moyo, akaona kwamba Bwana hakusema heri wenye mwili safi, akalifuata jambo hilo kutoka andiko moja hadi jingine. Waprotestanti wengine hushtuka wakisikia mambo ya watawa. Lakini watu wa Beroya katika Matendo 17 waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ni kweli, na hawakuwa watawa.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa karibu ni wa Septemba 1929, kilimani Namirembe, Kampala. Joe Church, daktari mmisionari wa Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo Muganda, nao wakakaa siku mbili wakisoma na kusali, wakifuatilia Biblia inasema nini juu ya Roho Mtakatifu. Siku mbili, mada moja. Wanaosimulia Uamsho wa Afrika Mashariki, wimbi la toba na wokovu lililosambaa baadaye Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, hulitaja kongamano hilo dogo la watu wawili kama moja ya chemchemi zake. Uamsho ulikuwa na sababu nyingi, siwezi kuupachika wote kwenye kusoma. Ila inafaa kukumbuka kwamba watu tunaowajua kwa kuungama hadharani na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, yaani “tunakusifu”, walianza na Biblia mezani.

Na si Biblia peke yake inayosomwa hivi. Paulo akiwa kifungoni alimwagiza Timotheo amletee joho lake, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu anayeuona mwisho wake umekaribia anaomba nguo ya baridi na vitu vya kusoma. Kule Athene aliwanukuu washairi wa Wayunani, maana yake alikuwa amewasoma. Riwaya nzuri, wasifu wa mtu, hata utenzi wa zamani, vinamfundisha Mkristo kukaa ndani ya maisha ya mtu asiyefanana naye, na huwezi kumwombea vema jirani usiyeweza kumwazia.

Kuhusu mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, sina ugomvi nao. Sura ni 1,189, kwa hiyo ni tatu na kidogo kwa siku, na zinampa mtu ramani ya nchi yote. Ila anayechelewa siku nne kisha akakimbiza sura kumi na tatu usiku ili afute deni, huyo anatunza hesabu tu. Afadhali awe na mpango huo, na kando yake kifungu kimoja kifupi cha kukaa nacho wiki nzima.

Namna ya kukaa nacho haina siri. Soma kwa sauti, kwa sababu sikio hukamata kinachorukwa na jicho. Shika kalamu, uandike maswali kabla ya majibu. Simu iwe chumba kingine, na kama Biblia yako iko ndani ya simu, zima data. Asiyejua kusoma asikilize akisomewa, maana Ufunuo unawataja kuwa heri asomaye na wale wasikiao pia. Bibi aliyesomewa zaburi moja mara mia anaweza kuijua kuliko mchungaji. Vitabu vya ufafanuzi vije mwisho, baada ya wewe mwenyewe kukwama.

Kukwama huko ni sehemu ya kazi. Towashi wa Kushi alikuwa garini akisoma Isaya kwa sauti, ndiyo maana Filipo alimsikia. Alipoulizwa kama anaelewa, alikiri hawezi bila mtu wa kumwongoza. Lakini hakusema tu kwamba kitabu ni kigumu. Alikuwa na swali mahususi: nabii anasema haya juu ya nafsi yake, au juu ya mtu mwingine? Filipo akaanzia kwenye andiko lilo hilo.