Ile 40 bob ya Kibaki: usiisugue, na usikimbilie kuiuza

Kila Jamhuri Dei ikikaribia simu zinaanza. Mtu amefungua droo ya marehemu babake huko Majengo ama Kisauni, amekuta koini haielewi, na wakati huo huo kuna meseji inazunguka wasapu kwamba hizo koini zanunuliwa malaki, sasa ataka kujua ni kweli ama aregee kulala. Mimi kazi yangu ni upande wa kuhifadhi vitu vya kale, kwa hivyo wacha niseme yote kuhusu koini za ukumbusho hapa.

Koini ya ukumbusho ni pesa. Imetolewa na benki kuu ya nchi, ina thamani imeandikwa juu yake. Medali ya ukumbusho si pesa, haina thamani iliyoandikwa, na mtu yeyote mwenye hela za kulipa kiwanda anaweza kutengenezesha, iwe ni kampuni, shule ama chama, kwa hivyo ukiuziwa medali inayong'aa kama dhahabu yenye ramani ya Kenya na maneno ya uhuru, uliza kwanza aliyeitoa ni nani, bei baadaye. Halafu kuna nishani, kina OGW (Order of the Grand Warrior) na HSC (Head of State's Commendation), hizi serikali ndiyo inampa mtu na jina lake linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali. Kama mzee wenu alipewa, ile barua na ile boksi ni muhimu kama nishani yenyewe, manake bila karatasi hakuna wa kuthibitisha kwamba hiyo ilikuwa yake na si ya mtu mwingine.

Sasa hizi za Kenya, nitaje zile ambazo watu huuliza sana.

Za 1966 ni dhahabu ya karati 22, ziko tatu, ya shilingi 100, ya 250 na ya 500, zilitolewa kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta (tarehe kamili aliyozaliwa Mzee hakuna aijuaye mpaka leo, lakini hesabu ya serikali ilikuwa hiyo). Ile ya 500 ina uzito wa gramu 38. Kwa hivyo hata imeandikwa shilingi 500, sonara yeyote akiitia kwenye mizani anajua amepata nini, na ndiyo maana nakwambia usimwachie sonara wa kwanza.

Mimi ninayoipenda ni ya 1973, ya miaka 10 ya uhuru. Ni shilingi 5, rangi ya manjano manjano, ina sura ya Kenyatta na pande tisa. Miaka hiyo shilingi 5 ilikuwa noti, kwa hivyo mtu kupewa tano ya chuma ilikuwa ni kitu cha ajabu na wengi waliiweka tu kabatini hawakuitumia. Watu wanaichanganya na 5 bob iliyokuja 1985, ile ya Moi, lakini hiyo ina pande saba. Hesabu pande, angalia sura, utajua bila kupiga simu kwa mtu.

Halafu ndiyo ile 40 bob ya 2003, ya miaka 40 ya uhuru. Rangi mbili, katikati nyeupe na pembeni ya njano, na ina sura ya Kibaki, halafu ilipofika 2005 koini za kawaida zikarudishwa sura ya Kenyatta. Hii ilitolewa itumike, ikazunguka madukani na kwenye matatu, makanga wakiigeuza geuza kwa sababu nani amezoea koini ya arobaini? Na hapo ndipo meseji za wasapu zinapoharibika. Kitu kilichozunguka kwa watu hivyo hakiwezi kuwa adimu, na ukiona mtu ameiweka mtandaoni kwa bei ya gari, hiyo ni bei anayoitaka yeye, si bei aliyolipwa. Akikuambia utume kwanza pesa kidogo za ukaguzi ndiyo mnunuzi aje, funga simu.

Kwenye makabati ya Mombasa hizi zimechanganyika na za majirani. Tanzania walitoa shilingi 5 mwaka 1971 kwa miaka 10 ya uhuru na shilingi 20 mwaka 1981 kwa miaka 20, Uganda wakatoa ya shilingi 1,000 mwaka 2012 kwa miaka 50. Nzuri za kukusanya, bei si kubwa.

Tangu katiba ya 2010 ibara ya 231 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na koini za Kenya. Ndiyo sababu zile zilizozinduliwa 11 Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Kwa hivyo ukiletewa koini ya Kenya ya ukumbusho wa hivi karibuni ikiwa na sura ya rais, hiyo ni medali ama ni feki.

Bei inatoka kwa madini, kwa idadi zilizopigwa, na kwa hali yake, na hali ndiyo watu wanaiharibu kwa mikono yao. Jamani msisugue! Ndimu na chumvi, Brasso, majivu, dawa ya meno, zote zinakwangua uso wa koini na mkusanyaji akitazama kwa kioo anaona mikwaruzo hapo hapo. Hapa pwani hewa ina chumvi na unyevu, kwa hivyo funga kwenye karatasi laini ama bahasha, usitumie yale makaratasi laini ya plastiki ya kuhifadhia picha manake mengine yanatoa kitu cha kijani kinachonata kwenye shaba, tia na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu vipya, na ushike kwa pembeni si usoni.

La mwisho ni kwa wale wenye vitu vya zamani zaidi. Kuna koini za mwaka 1888 zilizotolewa na kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa, zina mizani na jina MOMBASA limeandikwa wazi, na kuna reale za Maria Theresa, zile koini za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, ambazo nyanya zetu walizifanya mapambo. Reale zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, kwa hivyo usihesabu umri kwa tarehe hiyo. Lakini sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inasema kitu kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Mtalii akikupa dola kwa ile ya 1888 pale Old Town, mwambie hivyo kabla hujachukua pesa, manake akishikwa nayo eapoti ataulizwa aliyemuuzia.