Kicheko hakiangushi theluji: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu safari ya skii ya marafiki

Marafiki wanaopanda mlima kwa skii zao, vile vibao virefu vyembamba vya kutelezea juu ya theluji, mahali pasipo na lifti wala njia iliyotengenezwa, wakalala kwenye kibanda cha mbao huko juu, hurudi na visa vya kusimulia mwaka mzima. Kuna aliyebandika kinyume ngozi za kupandia, zile tepe zenye manyoya zinazowekwa chini ya skii ili zisiteleze nyuma, manyoya yakatazama mbele, akawa anapiga hatua moja na kuteleza mbili nyuma. Kuna aliyejaribu kugeuka kwenye mwinuko mkali, skii moja ikaenda kulia na nyingine kushoto, akabaki kama mkasi uliokwama huku wenzake wakicheka hadi wakakosa nguvu za kumsaidia. Na usiku, soksi za watu sita zikiwa zimetundikwa juu ya jiko, lazima awepo anayekoroma mpaka mbao za kibanda zinaitikia.

Raha hiyo naipenda kwa moyo wote. Kinachonikosesha usingizi ni maneno yanayopita humo humo katikati ya mzaha, yanayosemwa na rafiki tunayemwamini na ambayo hakuna anayeyahoji kwa kuwa yamesikika mara nyingi mno. Baadhi hayana madhara. Mengine yameua watu.

"Punguzeni kelele, mtaangusha theluji"

Hili ndilo la kwanza kusikika, na mara nyingi husemwa kwa kunong'ona. Ukweli ni kwamba sauti ya mtu, hata akipiga ukelele kwa nguvu zake zote, haina msukumo wa kuvunja theluji iliyolala mlimani. Wataalamu wanaoiangusha theluji kwa makusudi hutumia baruti, na kinachofanya kazi hapo ni mgandamizo wa hewa wa mlipuko ulio karibu. Kicheko cha binadamu hakifikii hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Chekeni.

Kinachoiangusha ni uzito. Theluji hailali kama unga ndani ya gunia. Hulala kwa matabaka, kila dhoruba na lake, na kila siku ya jua au usiku wa baridi kali huyabadilisha yale ya juu. Wakati mwingine katikati hubaki tabaka dhaifu la chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari ya mchanga, na juu yake likakaa tabaka zito lililoshikamana kama ubao. Mtu akipita juu ya ubao huo, chembe za chini huporomoka, ufa hukimbia pande zote kwa kufumba na kufumbua, na kipande kizima cha mteremko huteremka naye akiwa juu yake. Katika ajali kama 9 kati ya 10 za maporomoko ya theluji, aliyeyaanzisha ni mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake.

Kwa hiyo kelele ya kuogopa ni ya theluji yenyewe. Ukikanyaga ukasikia "wuuum" nzito chini ya miguu, au ukaona nyufa zikitimka kutoka kwenye ncha za skii zako, hilo tabaka la chini limeshavunjika papo hapo ulipo. Ukiwa mahali tambarare, umepewa onyo bila kulilipia. Mlima umesema waziwazi, na safari ya siku hiyo inapaswa kubadilika.

Jambo la pili la kulijua ni mwinamo. Maporomoko mengi ya aina hii huanza kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Hiyo ndiyo miteremko inayovutia zaidi kuteleza, wala si bahati mbaya iliyofanya iwe hivyo: palipo na mwinamo wa kutosha kumpeleka mtu kwa raha pana mwinamo wa kuipeleka theluji pia. Macho hukosea sana kukadiria, kwa hiyo beba kipimo kidogo cha mwinamo na ukitumie. Tena, mtu anaweza kusimama mahali tambarare na bado akafikiwa na kinachotoka juu yake.

"Mwenzetu ameshapita, basi ni salama"

Hapana. Unene wa lile tabaka la juu hautoshani kila mahali. Wa kwanza anaweza kupita palipo panene, wa tano akapita hatua chache pembeni palipo pembamba, na yeye ndiye akalivunja. Alama za skii za jana zinathibitisha jambo moja tu: kuna aliyepita jana. Mteremko wenye shaka ambao hamwezi kuukwepa mnaupita mmoja mmoja, wengine wakisimama mahali salama na macho yao yakiwa kwake.

"Leo hatari ni kiwango cha 3 tu kati ya 5"

Neno "tu" ndilo lenye tatizo. Kipimo cha viwango 5 vya hatari ya maporomoko, ambacho nchi za Ulaya zilikubaliana kukitumia mwaka 1993, watu hukisoma kama alama za mtihani, kwamba 3 ni wastani. Sivyo kilivyo. Hatari haipandi kwa ngazi sawa. Inaongezeka sana kutoka kiwango kimoja hadi kingine, na kwenye kiwango cha 3 mtu mmoja anaweza kuanzisha maporomoko katika miteremko mingi mikali. Kiwango hicho ndicho kinachochukua uhai wa watu wengi zaidi. Siku za kiwango cha 4 na cha 5 dhoruba huvuma, na wengi hubaki ndani wakicheza karata. Siku ya kiwango cha 3 jua huwa limetoka, theluji ni mpya, na kila mmoja amechoka kukaa kibandani.

"Tukifukiwa, waokoaji watakuja"

Watakuja, ila kwa aliyefukiwa watakuwa wamechelewa. Utafiti uliofanywa kwa ajali za Uswisi na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba aliyefukiwa kabisa akitolewa ndani ya dakika 15, uwezekano wa kuwa hai ni karibu asilimia 92. Ikifika dakika ya 35 umeshuka hadi kama asilimia 30. Theluji ikisimama hukaza kama saruji, na aliye ndani hawezi kusogeza hata kidole. Helikopta ikiitwa, ikaruka, ikatafuta pa kutua, dakika hizo zimekwisha.

Waokoaji ni hao hao waliokuwa wakikucheka ulipokwama kama mkasi. Ndiyo maana kila mmoja, bila kubagua anayejua na asiyejua, hubeba vitu vitatu: kifaa cha mawimbi cha kutafutana, kinachotumia masafa ya kilohazi 457 duniani kote, ufito mrefu wa kukunja wa kuchomea theluji, na koleo. Ukikosa kimoja, viwili vilivyobaki vinakosa maana. Kifaa kitawaleta hadi karibu ya alipo mtu, ufito utawaambia yuko kina gani, na bila koleo mtakuwa mnaparura kitu kigumu kwa mikono mitupu. Uchimbaji nao una namna yake: mnaanzia upande wa chini wa ufito, mkiingia kwa ubavu kumwelekea, ili msisimame juu ya kifua chake.

Kifaa huvaliwa mwilini, hakitupwi mkobani. Na simu zinakivuruga. Ikae umbali usiopungua sentimita 20 mnapotembea, na sentimita 50 mnapotafuta. Nimesisitiza hapa kwa sababu watu wanapenda kupiga picha, na mfuko wa kifuani ndio wa kwanza kuingizwa simu.

"Mbwa atakuja na kipipa cha brandi"

Hadithi hii ni tamu. Kwenye njia ya Great St Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Uswisi na Italia, watawa walifuga kweli mbwa wakubwa waliosaidia kutafuta wasafiri waliopotea. Maarufu wao, Barry, aliishi kati ya 1800 na 1814 na anasifiwa kuokoa watu zaidi ya 40. Mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya Bern hadi leo. Lakini kile kipipa shingoni kilienezwa na mchoro wa Edwin Landseer, Mwingereza, wa mwaka 1820. Mchoraji alikiweka, na dunia ikakiamini.

Ingekuwa jambo la kuchekesha tu kama lisingetoka na wazo lake la hatari, kwamba pombe inapasha mwili joto. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto ikakimbilia nje, ngozi ikahisi joto huku mwili wenyewe ukilipoteza. Aliyepigwa na baridi mpe kinywaji cha moto chenye sukari, nguo kavu, na kinga ya upepo.

Kuna mengine ya ukoo huo huo, nayapitia haraka. Eti nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani: asili yake ni kitabu cha mafunzo cha jeshi la Marekani cha mwaka 1970, na ukweli ni kwamba kichwa, ambacho ni karibu sehemu ya 10 ya mwili, hupoteza kiasi kinacholingana na ukubwa wake. Kofia vaa, na suruali pia. Eti vidole vilivyoganda visuguliwe kwa theluji: ushauri huo ulienezwa na daktari wa Napoléon, Larrey, baada ya jeshi kurudi kutoka Urusi mwaka 1812, na huchana nyama iliyokwisha kuumia. Vidole hivyo hutumbukizwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, tena mahali ambapo havitaganda upya. Eti ukiwa na kiu kula theluji: kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, na joto hilo unalitoa wewe.

Kuhusu jua, watu hushangaa sana. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, kwa hiyo inakuja kutoka juu na kutoka chini. Mtu huungua ndani ya matundu ya pua, na mwenye kupanda akihema mdomo wazi anaweza kuungua hata kaakaa. Macho yasiyokuwa na miwani hayalalamiki mchana. Yanasubiri jioni kibandani, ndipo yanawaka kama yaliyotiwa mchanga.

"Skii ni kuteremka"

Katika safari hii, kuteremka ni dakika chache. Siku nzima ni kupanda, na kundi lenye afya ya kawaida hupanda kama mita 300 hadi 400 za kimo kwa saa. Kosa la wageni ni kuanza wamejifunika makoti yote. Baada ya robo saa wanatota jasho, na jasho hilo ndilo litakalowagandisha kileleni. Ondoka ukihisi baridi kidogo, na nguo za pamba ziache nyumbani, kwa kuwa zikilowa hazihifadhi joto.

"Tukifika kibandani hatari imekwisha, na kila kitu kiko tayari"

Vibanda vingi havina mhudumu. Mnapasua kuni, mnayeyusha theluji kupata maji, mnafagia, mnashuka na taka zenu. Theluji nyepesi inataka kama lita 10 ili kupata lita moja ya maji, na sufuria iwekewe maji kidogo kwanza, la sivyo chini inaungua na maji yananuka moshi. Napenda sana utaratibu wa chama cha Norway, Den Norske Turistforening, kilichoanzishwa mwaka 1868: katika baadhi ya vibanda vyake kuna ghala la chakula, mgeni huchukua anachohitaji, hujiandikia mwenyewe na kulipa bila kusimamiwa na mtu.

Hatari iliyobaki ndani ni jiko. Watu wamechoka, nje kunavuma, kila ufa umezibwa kwa blanketi ili joto lisitoke. Jiko linalokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, ni zile zile za uchovu wa safari. Acheni upenyo wa hewa, hata kama yule wa karibu na dirisha atanung'unika.

"Tuko wengi na mmoja wetu ni mzoefu, hatuna haja ya hofu"

Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi. Mtafiti Ian McCammon alichunguza ajali 715 za maporomoko zilizotokea Marekani, akakuta kwamba hata waliokuwa na mafunzo walinaswa, mara nyingi kwenye miteremko waliyoijua vizuri na dalili za hatari zikiwa mbele ya macho yao. Elimu haikukosekana. Kilichowabeba ni mambo ya kibinadamu: tumeshafika hadi hapa, tulipita mwaka jana, wale wengine wametutangulia, na fulani anajua.

Na katika kundi la marafiki kuna mmoja anayeona ishara akanyamaza. Hataki kuharibu siku. Anaogopa kuchekwa, na wale wanaocheka hawajui kwamba mzaha wao wa jana kuhusu mwoga ndio unaomfunga mdomo leo. Makundi yaliyokomaa huliweka sawa usiku, chai ikiwa mezani: yeyote akisema "mimi sipiti hapo", wote hawapiti, na haulizwi sababu mpaka wamerudi. Asiye na uzoefu ana sauti ile ile ya aliyezeeka na skii.

Asubuhi, kabla ya kuuacha mlango, mmoja hutangulia hatua kadhaa akiwa ameweka kifaa chake kipokee mawimbi, wengine wanampita mmoja mmoja, na kwa kila mmoja kifaa kinapaswa kulia. Karibu kila safari kuna mmoja anayepita kwa madaha na kifaa kikanyamaza kimya. Anarudishwa, anafungua koti huku wote wanacheka, anakiwasha, anapita tena, kinalia. Ndipo mnaondoka.