Je, wajua kwa nini mzabuni wa bei ya chini anaweza kugeuka kuwa ghali?

Serikali ikitangaza zabuni ya kimataifa ya bandari, reli au bwawa, kampuni za nje mara nyingi huwasilisha bahasha mbili. Ya kwanza ina pendekezo la kiufundi: michoro, mitambo, wahandisi na kazi zilizowahi kufanywa. Ya pili ina bei, nayo haifunguliwi mpaka ile ya kwanza ikaguliwe. Kuna pia dhamana ya zabuni kutoka benki. Kampuni ikishinda kisha ikakataa kusaini mkataba, fedha za dhamana zinachukuliwa na serikali.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini hauzuii bei ya kushangaza. Julai 8, 2009, Mamlaka ya Mfereji wa Panama ilifungua hadharani bahasha za bei za ujenzi wa malango mapya ya kupandisha na kushusha meli. Makadirio yake yalikuwa takriban dola bilioni 3.48. Muungano ulioongozwa na Sacyr ya Hispania, pamoja na Impregilo ya Italia, Jan De Nul ya Ubelgiji na kampuni moja ya Panama, ulitaja bilioni 3.12. Kundi la Bechtel ya Marekani lilitaja bilioni 4.19, na kundi la tatu karibu bilioni 6. Yaani zaidi ya dola bilioni moja kati ya mshindi na aliyemfuata!

Tofauti hiyo inatoka wapi? Nyingi iko chini ya ardhi. Hakuna mkandarasi anayejua kwa hakika atakutana na mwamba gani, hivyo kila mmoja hukadiria hatari na kuitia ndani ya bei. Mwenye matumaini makubwa kupita wote ndiye hutaja bei ya chini, na ndiye hushinda. Wakati ule pia soko la ujenzi la Hispania lilikuwa limeporomoka, na kampuni zake zilihitaji sana kazi za nje.

Halafu kuna madai ya nyongeza. Mkataba humruhusu mkandarasi kudai malipo zaidi akikuta hali tofauti na ilivyoelezwa kwenye nyaraka za zabuni. Panama, ugomvi mmoja mkubwa ulikuwa juu ya jiwe la basalti lililosagwa kuwa kokoto za zege. Wajenzi walisema halikuwa na ubora walioutarajia. Mamlaka ikajibu kwamba kulichunguza ulikuwa wajibu wao. Walidai dola bilioni 1.6 zaidi, na Februari 2014 kazi ikasimama kwa takriban wiki mbili. Malango yalifunguliwa Juni 2016, karibu miaka miwili baada ya muda uliopangwa. Mwaka 2020 jopo la usuluhishi liliuamuru muungano uirudishie Mamlaka takriban dola milioni 240.

Ndiyo maana naamini serikali isione uchungu kulipia uchunguzi wa kina wa udongo na miamba kabla ya kutangaza zabuni. Wafadhili nao wamebana: kanuni za manunuzi za Benki ya Dunia za mwaka 2016 zinamtaka mzabuni aliyetaja bei ya chini isivyo kawaida aifafanue kwa kina. Akishindwa kuthibitisha kwamba kazi inawezekana kwa bei hiyo, zabuni yake inakataliwa.